Toleo la Thelathini na Tisa

Kila asubuhi, kabla hata feni haijawashwa, alizipanga simu zake saba juu ya meza kama mama anayelaza watoto: kubwa upande wa ukutani, ndogo ukingoni, na ile yenye kioo kilichopasuka katikati, isije ikaanguka ikafa kabisa. Ndiyo maana wenzake kazini walimwita Mama Simu, ingawa hakuwa na mtoto wala mume, na miaka ishirini na mitano hajaifikisha. Jina alikwisha kulizoea. Kilichomshinda kuzoea ni neno moja tu: "imesharekebishwa."

Kazi yake ilikuwa hii. Ofisi ilitengeneza programu ya simu kwa ajili ya chumba cha kufulia cha hospitali moja kubwa: mashuka mangapi yametoka wodi ipi, mangapi yamerudi, mangapi yamepotelea njiani. Mafundi wakiibadili programu, yeye huifuta ya jana kwenye simu zote saba, hupakua mpya, kisha hubonyeza kila kitufe kama atakavyobonyeza mfuaji. Akikuta kasoro huiandika, nayo humwendea fundi. Meneja alimchukua kwa sababu aliwahi kufua mashuka ya hospitali hiyohiyo miaka mitatu, na kwa sababu shule yake iliishia msingi. "Wasomi ninao wa kunitosha," Meneja alimwambia siku ya kwanza. "Nataka mtu anayebonyeza kama watu wanavyobonyeza."

Mkataba ulisema miezi mitatu ya kujaribiwa, na miezi hiyo ilikuwa inatimia Ijumaa. Akikubaliwa, kazi ni yake. Akikataliwa, anarudi kwenye mvuke na sabuni inayotafuna vidole.

Na Jumatatu ya wiki hiyohiyo ndipo alipoandika kasoro ileile kwa mara ya tano.

Kasoro yenyewe haikuwa na siri. Ukishaandika idadi ya mashuka, unabonyeza Hifadhi. Kitufe kinanyamaza kidogo, kama mtu aliyeitwa akajifanya hakusikia. Sasa mfuaji ana vidole vya maji, hana imani navyo. Akiona kimya, anabonyeza tena. Programu inahifadhi mara mbili. Mashuka arobaini yanakuwa themanini. Jioni yanarudi arobaini, na msimamizi akitazama hesabu anauliza: arobaini mengine yamekwenda wapi? Hapo atakayeitwa mwizi si fundi wa kompyuta. Mama Simu alizijua sura za watakaoitwa.

Aliiandika mara ya kwanza, jibu likaja: "Imesharekebishwa. Jaribu toleo jipya." Akajaribu toleo jipya: themanini. Akaandika tena. "Imesharekebishwa." Themanini. Akaandika kwa maneno marefu zaidi, akidhani labda hakueleweka. "Imesharekebishwa, tafadhali." Ile tafadhali ndiyo iliyomchoma kuliko yote.

Anayejibu hivyo alikuwa fundi mkuu, kijana mwembamba mwenye vipokea sauti shingoni mchana kutwa, ambaye wote walimwita Kijani. Jina lilitokana na mtambo. Mtambo ni kompyuta iliyokaa peke yake kwenye kabati la chumba cha nyuma, haina kiti wala mtu wa kuikalia. Fundi akimaliza kuandika, huitupia kazi yake. Mtambo huipokea na kuipa namba ya toleo, huijenga iwe programu, huipima, halafu huifungasha na kuiweka kwenye ukurasa anakopakulia Mama Simu. Hatua nne, na kila hatua ikifaulu, alama ya kijani huwaka kwenye runinga iliyotundikwa ukutani. Ikishindwa, nyekundu. Basi ukimwambia fundi mkuu kitu chochote, hata kwamba mvua inaingia dirishani, alinyoosha kidole kwenye runinga akasema, "Mbona kijani?"

Jumatatu hiyo kikao kilikuwa cha kusimama, kwa kuwa Meneja aliamini vikao vikipewa viti vinanenepa.

"Mama Simu, nakuuliza kwa heshima zote," Kijani akasema mbele ya watu. "Wewe unapakua toleo jipya, au unachezea la zamani?"

"Napakua kila asubuhi, kaka."

"Kila asubuhi?"

"Nafuta la jana, napakua la leo. Simu saba."

"Haya. Fungua menyu, bonyeza Kuhusu. Inakwambia toleo namba ngapi?"

"Hakuna Kuhusu."

"Ipo."

"Haipo, kaka."

"Nimeiweka wiki mbili zilizopita! Wewe mwenyewe ndiye uliyeomba."

"Kuomba niliomba. Ila haipo."

Kijani akawageukia wenzake, mikono juu, kama shahidi aliyemaliza ushahidi. "Mnaona wenyewe. Mimi natibu wagonjwa, mwenzangu anafukua makaburi."

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha watu wenye njaa wanaotaka kikao kiishe, lakini kilimwingia Mama Simu mpaka kwenye mifupa. Meneja, mwanamke mzito wa maneno na mwepesi wa miguu, hakucheka. Afadhali angecheka.

"Mwanangu," alisema, "kupakua programu ndiyo kazi yenyewe. Kama inakuwia vigumu, tuambiane mapema. Ijumaa si mbali."

Mama Simu alirudi kwenye simu zake. Utasemaje? Mtu akikwambia huoni, ukimjibu "naona," si jibu.

Jumanne Kijani alikuja mezani kwake bila kuitwa, na hiyo peke yake ilikuwa ajabu. Alishika waya mkononi.

"Nipe simu moja. Yoyote."

Akampa ile iliyopasuka kioo. Kijani akaichomeka kwenye kompyuta yake mwenyewe, akagonga vitufe viwili vitatu, akaingiza programu moja kwa moja kutoka kwake. Akamrudishia.

"Haya, bonyeza na vidole vyako vya maji."

Akachovya kidole kwenye kikombe cha maji, akaandika arobaini, akabonyeza Hifadhi mara mbili. Arobaini. Akabonyeza mara tatu, kwa hasira. Arobaini. Akafungua menyu: Kuhusu ilikuwepo, imekaa kwa adabu zote, na chini yake namba hamsini na saba.

"Umeona?" Kijani alisema, na hakusema kwa ubaya, alisema kama unavyomwambia mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Programu ni nzima. Tatizo liko kwenye kupakua kwako. Sijui unabonyeza nini huko."

"Nabonyeza Pakua."

"Basi bonyeza vizuri."

Meneja alikuwa akipita na faili kwapani. Aliona, akaendelea na safari yake. Kuendelea kwake na safari ndiko kulikomnyima Mama Simu hamu ya chakula mchana kutwa.

Jioni nyumbani alimkuta dada yake akikunja nguo za watoto, na shemeji yake, fundi wa majokofu, amelala chali sakafuni ananyoosha mgongo. Alikaa kwa dada yake huyo tangu mama yao alipofariki. Chumba alichangia na wapwa zake wawili, mmoja wao anaota kwa sauti.

"Mbona uso umekunjamana kama nguo iliyokaa begini?" dada aliuliza.

Akawaeleza yote, tangu themanini mpaka waya.

"Shemeji," yule wa sakafuni alisema, "mimi nikitengeneza jokofu, mwenye nalo akasema halijapona, namwambia asubiri lishike baridi. Akirudi mara ya pili namwambia hafungi mlango vizuri. Akirudi mara ya tano…"

"Unafanyaje?"

"Najificha."

"Mwache mwenzio, ana kilio chake," dada alisema, akamtupia soksi. "Mdogo wangu, wewe ni mpole mno. Subira huvuta heri, sawa, lakini yako inavuta usingizi. Kama una uhakika, piga meza."

"Sina uhakika, dada. Kwenye waya ilifanya kazi. Niliona kwa macho yangu."

"Na ukipakua?"

"Haifanyi."

"Basi ni vitu viwili hivyo," shemeji alisema kutoka sakafuni. "Huwezi kuwa na jokofu moja likagandisha na lisigandishe." Akageukia ukuta, akaanza kukoroma kabla jua halijazama vizuri.

Neno hilo lilimkaa kichwani. Jumatano asubuhi aliwahi mapema kuliko mfagiaji. Ile simu iliyopasuka kioo bado ilikuwa na programu ya waya. Kabla hajaifuta, aliishikilia kwa kidole mpaka taarifa zake zikajitokeza, akaandika ukubwa wake kwenye daftari. Kisha akafuta, akapakua toleo la siku hiyo kama kawaida, taratibu, akisoma kila neno kwa sauti ndogo, asije akaambiwa amebonyeza vibaya. Arobaini. Hifadhi, Hifadhi. Themanini. Menyu: hakuna Kuhusu.

Alitaka kuitupa simu dirishani. Badala yake akalifungua daftari.

Daftari hilo alilianza siku yake ya kwanza, kwa mazoea tu ya kule kufulia. Kule kila gunia hupimwa likiingia na hupimwa likitoka, maana shuka chafu halina uzito wa shuka safi. Msimamizi wao wa zamani alikuwa na msemo: gunia lililotoka na uzito ule lilioingia nao, halikufunguliwa. Basi na huku Mama Simu alikuwa akiandika ukubwa wa kila faili alilopakua, tarakimu zote, bila kuulizwa na mtu na bila kujua utamfaa nini. Alipitisha kidole kwenye ukurasa. Leo: 18,442,716. Jana: 18,442,716. Juzi, hivyohivyo. Akafunua nyuma, na nyuma tena. Siku kumi na nane za kazi, tarakimu nane zilezile, hazinenepi wala hazikondi. Na ile ya waya ilikuwa na nyingine kabisa, milioni kumi na tisa na ushei.

Akamfuata Kijani na daftari mkononi.

"Kaka, samahani. Umebadili programu mara ngapi mwezi huu?"

"Mara nyingi. Ishirini hivi. Kwa nini?"

"Nyingine uliongeza vitu?"

"Nimeongeza kurasa tatu nzima na picha zake."

"Sasa mbona faili halikui?"

Kijani akatazama daftari nusu dakika, jicho moja kwenye kompyuta yake. "Mtambo hubana faili. Ukubwa unaweza kufanana."

"Ukafanana siku kumi na nane? Mpaka tarakimu ya mwisho?"

"Inatokea."

"Pacha kumi na wanane, kaka, hata kwa sungura ni wengi."

Mtu wa meza ya jirani aliangua kicheko, na safari hii hakikuwa cha njaa. Kijani akavaa vipokea sauti masikioni. "Mama Simu, nina kazi. Tazama ukutani. Kijani, kijani, kijani, kijani. Mtambo haudanganyi."

Akarudi mezani kwake, akakaa, akaitazama runinga kama mtu anavyomtazama jirani aliyemwamini. Mchana huo hakufanya kingine. Aliandika kasoro kwa mara ya sita, akaambatanisha orodha ya ukubwa wa mafaili, siku kwa siku. Saa kumi jibu likaja: "Imesharekebishwa." Pengine hata hakuisoma.

Alhamisi asubuhi alibeba kiti chake, akakiweka kando ya meza ya Kijani, akakaa.

"Kuna nini?"

"Nakaa."

"Naona. Kwa nini?"

"Nataka unionyeshe mtambo unasema nini."

"Hausemi kitu, unaonyesha. Kijani."

"Hiyo ni rangi. Siku ya kwanza ulisema kila hatua inaandika inachofanya. Nataka kusoma inachoandika."

"Ni maelfu ya mistari! Mimi mwenyewe sisomi."

"Mimi ninasoma," alisema. "Shuleni kwetu hawakufundisha mengi, lakini kusoma walifundisha. Na kesho mimi nafukuzwa, kaka. Sina haraka ya kwenda popote."

Alisema bila kupandisha sauti, na pengine ndiyo sababu Kijani alivua vipokea sauti. Akafungua maandishi ya mtambo ya asubuhi hiyo, akamsogezea kompyuta kwa namna ya mtu anayempa mgeni albamu ya picha ili atulie. Mama Simu akaanza juu, kidole kwenye kioo, mstari kwa mstari. Mengi hakuyaelewa, akayapita. Saa nzima ilipita. Kijani alikunywa chai, akapiga miayo, akatazama saa, akasema, "Bado?" mara tatu, na mara zote tatu alijibiwa "Bado."

"Hapa," Mama Simu akasema. "Hatua ya kwanza. 'Namba ya toleo: 59.' Ndiyo ya leo?"

"Ndiyo. Si unaona? Sawasawa."

"Na hapa hatua ya nne, inayofungasha. 'Namba ya toleo,' halafu nukta mbili, halafu… mbona hamna kitu?"

"Wapi?"

"Hapa. Nukta mbili, kisha peupe."

Kijani aliinama. Kikombe alikiweka mezani bila kukitazama.

"Na mstari unaofuata," Mama Simu aliendelea kusoma polepole, "'Namba haikupatikana. Natumia 39.'"

Feni ilizunguka. Ukutani alama nne za kijani ziling'aa kana kwamba hazijasikia.

"Inasema hivyo kila siku?" aliuliza.

Kijani alifungua maandishi ya jana. Natumia 39. Ya juzi. Natumia 39. Akarudi nyuma wiki, wiki mbili, wiki tatu, na mtambo wa watu, mwaminifu kuliko waumini, ulikuwa umetangaza jambo hilohilo kila asubuhi kwa maandishi meupe, chini ya alama ya kijani, na hakuna binadamu aliyeshuka kusoma. Kila siku ulijenga toleo jipya, ukalipima, ukalifaulisha. Halafu hatua ya mwisho, isiyojua leo ni toleo la ngapi, ilikwenda kabatini ikachukua lile la thelathini na tisa, ikalifuta vumbi na kuliweka mezani kwa Mama Simu.

"Na hiyo thelathini na tisa," Mama Simu alisema, "nani aliyeiambia?"

Kijani alijikuna shingo pale vipokea sauti vinapokaa.

"Mimi."

"Wewe?"

"Siku ile wageni wa hospitali walipokuja. Mtambo uliwaka nyekundu mbele yao, hatua ya mwisho ilisema haina namba. Nikaweka ya muda tu, kwamba ikikosa namba itumie thelathini na tisa, ili isitutie aibu. Nilikuwa nirudi kuitengeneza."

"Ukarudi?"

"Ikawaka kijani," alisema, kwa sauti ndogo.

Siku kumi na nane! Ripoti sita! Makaburi! Mama Simu alitaka kusema mengi, na yote yalikuwa yamejipanga ulimini kama watu kwenye foleni. Lakini alipomtazama yule kijana, masikio yamemwiva, akaona foleni ile ingoje.

"Sasa mbona hatua ya nne haiijui namba, na ya kwanza imeitaja wazi?"

"Ndiyo sielewi. Nimeitangaza kwenye hatua ya kwanza. Nimeipa jina na kila kitu."

Ijumaa asubuhi alianza kuitengeneza, na Mama Simu alikaa palepale kwenye kiti chake kama mtu aliyeleta gari gereji na hamwamini fundi. Kijani alifuta kwanza ile thelathini na tisa. Kisha, kwenye hatua ya kwanza, akaitangaza namba upya, kwa agizo la kwamba ijulikane na wote. Akautupia mtambo. Kijani, kijani, kijani, nyekundu. "Namba haipo."

"Haiwezekani!" Kijani aliruka. "Nimeiambia!"

"Umeiambia hatua ya kwanza."

"Ndiyo!"

"Na ya nne?"

"Si mtambo mmoja?"

Akasoma maelekezo ya mtambo, midomo ikicheza. Kumbe kila hatua hufunguliwa chumba kipya, kitupu. Hatua ikiisha, chumba kinafungwa na kila kilichosemwa humo kinakwenda nacho. Ya pili haijui iliambiwa nini ya kwanza, sembuse ya nne.

"Kama zamu za kufulia," Mama Simu alisema. "Wa asubuhi anahesabu, anajua kichwani, anaondoka. Wa mchana anakuta magunia tu. Mkimwachia mtu namba kichwani, imekwenda naye."

"Sawa, sawa. Nitaiandika kwenye faili, niliache chumbani."

Akaandika kwenye faili. Kijani, kijani, kijani, nyekundu. "Faili halipo."

"Nimeliacha pale!" Safari hii alipiga meza mpaka kalamu zikaruka. "Kwa macho yangu! Nimeliacha pale!"

"Chumba si kinafungwa, kaka?"

"Kinafungwa, lakini faili…"

"Na faili limo ndani."

Kijani akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. Mama Simu akamsogezea kikombe. Ilikuwa saa nane mchana, na saa tisa Meneja alikuwa amemwita ofisini.

"Hakuna mtu wa kukabidhiwa?" aliuliza. "Kule gunia hatuliachi sakafuni. Linafungwa kibandiko chenye namba, linawekwa mkononi mwa msimamizi, naye ndiye anayempa wa zamu inayofuata. Huo mtambo hauna msimamizi?"

"Yupo… kuna namna," Kijani alisema, uso bado mezani. "Hatua inaukabidhi mtambo wenyewe, na hatua ya nne inadai kwa jina. Niliiona kwenye maelekezo. Niliona ni ndefu."

"Ni ndefu kuliko wiki nne?"

Akainuka, akaandika. Hatua ya kwanza ikaukabidhi mtambo namba. Hatua ya nne ikaidai. Na isipopewa, isimame papo hapo na kuwaka nyekundu, wageni wawepo wasiwepo. Akatupa. Wote wawili wakaitazama runinga bila kupepesa. Kijani. Kijani. Kijani. Ile ya nne ikajizungusha, ikajizungusha, ikawaka. Mama Simu hakuitazama rangi yake. Alisogeza kioo mpaka kwenye maandishi. "Namba ya toleo: 62."

Akapakua kwenye simu zote saba. Faili lilikuwa la milioni kumi na tisa na ushei. Akafungua simu ya kwanza: programu ikatokea, ikakaa kidogo, ikajifunga yenyewe. Akafungua ya pili. Ikajifunga. Ya tatu haikujitokeza hata kidogo. Ya nne, ya tano, ya sita, zote zilifumba macho. Ile yenye kioo kilichopasuka peke yake ndiyo iliyobaki wazi. Akachovya kidole, akaandika arobaini, akabonyeza Hifadhi mara mbili. Arobaini.

"Kwangu inafunguka," Kijani alisema kwa mazoea, kisha akasikia maneno yake mwenyewe.

Meneja aliwakuta hivyo, simu sita zimekufa juu ya meza na watu wawili wamezikodolea macho. Alishika bahasha.

"Nimekungoja ofisini," alimwambia Mama Simu. "Kuna nini hapa? Jumatatu hospitali wanakabidhiwa."

Mama Simu alimtazama Kijani. Alimpa nafasi.

"Alikuwa anasema kweli, Bosi," Kijani alisema. "Tangu mwanzo. Mtambo ulikuwa unampa toleo la thelathini na tisa kila siku. Mimi ndiye niliyeuambia, ili usiwake nyekundu. Nilichorekebisha kweli nilirekebisha, lakini hakikumfikia mtu. Leo ndiyo mara ya kwanza vimefika, vyote kwa mpigo."

"Na hizi?"

"Zimekataa. Mabadiliko ishirini na matatu, hakuna hata moja lililowahi kujaribiwa kwenye simu za bei nafuu kama hizi sita. Sijui lipi limeziua."

Meneja aliitazama bahasha iliyo mkononi mwake kwa muda, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Hakusema ilikuwa na nini, wala Mama Simu hakuuliza. Hilo hata kipofu angelisoma.

"Wiki nne," Meneja alisema. "Wiki nne nzima tumesimama kwenye vikao, tunamcheka mtu mmoja aliyekuwa anatuambia ukweli. Nami nimo." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Nitawapigia hospitali wangoje. Sasa nani atakayekaa na simu hizi, abadilishe moja moja, atuambie ni lipi?"

"Mimi," Mama Simu alisema. "Ila kasoro niliyoandika mimi, nitaifunga mimi. Fundi akimaliza aniambie, nitazame kwenye simu yangu, nikiridhika nifunge. Asifunge yeye."

"Hiyo itachelewesha kila kitu," Kijani alisema.

Meneja alimgeukia taratibu. "Kuliko ilivyochelewa?"

"Na iandikwe kwenye mkataba," Mama Simu aliongeza. "Ya mdomo inasahaulika."

"Itaandikwa," Meneja alisema, na akaondoka kwa ile miguu yake myepesi, simu tayari iko sikioni, akianza kuwaomba radhi watu wa hospitali kabla hajafika mlangoni.

Mama Simu akavuta kiti karibu zaidi na meza. Akaichukua simu ya kwanza, akaiwasha.

"Simu kubwa, ya ukutani," alisema. "Inafunguka, inakaa muda wa kuhesabu mpaka mbili, inajifunga. Andika, kaka."

Kijani akavua vipokea sauti, akaviweka kwenye droo, akaandika.